Mwenye duka, jipange kabla hujaenda TRA kukadiriwa

Wakuu wenye biashara ndogo, Januari mpaka Machi ndo kipindi cha makadirio ya kodi, na watu wengi wanaenda TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) mikono mitupu. Afisa anauliza unauza sh ngapi kwa siku, mtu anababaika anataja hela ya kichwani, hapohapo inazidishwa kwa mwaka mzima. Hii inaumiza sana watu na inazuilika, anza kujipanga sa hivi.

Kitu kikubwa kuliko vyote ni daftari la mauzo. Nunua kaunta buku, kila jioni ukifunga andika tarehe, mauzo, mzigo ulioingia na matumizi, na siku ambayo hujafungua andika pia kwamba hukufungua na kwa nini, msiba, kuumwa, chochote. Angalia hesabu: mauzo ya elfu 30 kwa siku mara siku 365 ni 10,950,000, ila kama Jumapili hufungui zinabaki siku 313, yaani 9,390,000. Sasa kwa viwango vilivyowekwa 2019, mauzo ya milioni 7 hadi 11 kwa mwaka, asiyetunza kumbukumbu analipa 250,000, anayetunza analipa 90,000 jumlisha asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7, kwa hiyo huyu wetu anadaiwa 161,700. Hiyo tofauti ni mzigo wa dukani kabisa! Wa milioni 5 ndo usiseme, bila kumbukumbu laki moja, akiwa nazo elfu 30 tu. Ukivuka milioni 11 unaingia daraja lingine na mashine ya EFD (ile ya kutolea risiti za kodi) inakuhusu. Viwango vinaweza kuguswa kila Julai bajeti ikipita, so uliza kabla hujapiga hesabu zako.

Afu hela za simu. Tafadhali weka laini au lipa namba ya biashara peke yake, maana mchango wa harusi na hela ya kikoba vikipita humohumo, kwenye taarifa ya miamala vyote vinaonekana mauzo na kazi ya kueleza inabaki kwako.

Ukinunua mzigo, Kariakoo au popote, dai risiti ya EFD, soma kiasi kilichoandikwa kabla hujaondoka dukani. Zile karatasi zinafifia haraka hasa zikikaa kwenye jua, kwa hiyo ipige picha au itoe kopi siku hiyohiyo. Kumbukumbu zinatakiwa zikae miaka 5.

Mkataba wa fremu (chumba cha duka ulichopanga) nao uwe kwenye faili. Kuna kodi ya zuio asilimia 10 ya pango, hiyo ni kodi ya mwenye nyumba, wewe unaikata kwenye hela yake na kuiwasilisha, ongea naye hilo kabla hujasaini.

Kama umehama au umefunga biashara, andika barua TRA upate na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, usikae kimya deni likaendelea kuhesabika.

Ukishakadiriwa lipa kwa kontroo namba (namba ya malipo unayopewa TRA), cheki jina na TIN (namba yako ya mlipakodi) ndo utume hela. Awamu za kulipa ni 31 Machi, 30 Juni, 30 Septemba na 31 Desemba, na biashara ikiyumba katikati ya mwaka rudi na daftari lako uombe makadirio yapitiwe upya, usisubiri Desemba.