Samli peke yake haitoshi

Wenzangu tulioko Uingereza, kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi jua la huku halina nguvu ya kuufanya mwili utengeneze vitamini D. Na samli tunayoletewa kutoka nyumbani, tamu ilivyo, ina kidogo mno. Tafuteni samaki wenye mafuta. Mimi huchukua sadini za kopo, nakaanga kitunguu, namimina tui zito la nazi, kisha naziweka sadini na mafuta yake yote, nakamulia ndimu. Wali ukiloa mchuzi ule, watoto hawabakizi. Kiini cha yai nacho kinasaidia kidogo. Mafuta ya maini ya samaki ni mazuri, ila mjamzito asiyatumie: yana vitamini A nyingi, inayoweza kumdhuru mtoto tumboni.