Namna ya kutambua ubunifu wa kweli kwenye kihisi: mfano wa kipima unyevu wa udongo

Juzi kijana mmoja wa chuo aliniletea kipima unyevu wa udongo, akitaka kujua kwa nini majaji wa maonyesho walikipita bila kukitazama mara mbili. Huu ndio utaratibu tulioufuata kukikagua. Ukiwa mwalimu au jaji, utakufaa.

1. Uliza kipya ni kipi
SMS, app na grafu za rangi ziweke kando kwanza. Upya unaweza kuwa kwenye kitu kinachohisi, saketi inayokisoma, hesabu inayogeuza volti kuwa unyevu, au namna ya kukitengeneza kwa bei anayoimudu mkulima. Nikikuta ESP32 (kompyuta ndogo ya kuendesha vifaa) na kibao cha kapasita, yaani kihisi cha unyevu cha kuchomeka udongoni, vyote vya kununua dukani, sidharau. Ila mwenye kazi anionyeshe chake kwa kidole.

2. Tafuta kama kimeshafanywa
Espacenet, hifadhidata ya hataza (patent) mtandaoni, ni bure. Tafuta kwa kanuni ya upimaji, usitafute kwa jina la mradi.

3. Usidanganywe na tarakimu
Chukua mfano wa kihisi cha joto: DS18B20 husoma joto kwa hatua za 0.0625°C, lakini mtengenezaji anaahidi usahihi wa ±0.5°C tu, kati ya -10 na 85. Anayeandika 27.0625 amenakili tu namba ya kwenye skrini. Nyuzi sifuri zihakikishe kwa barafu iliyopondwa ndani ya maji. Maji yanayochemka yana mtego: Nairobi, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,800, huchemka kwenye nyuzi 94 hivi.

4. Linganisha na kipimo cha kuaminika
Hapa ndipo siku zinapoishia. Wengi hushika kihisi hewani wakakiita 0%, wakakitumbukiza kwenye glasi ya maji wakakiita 100%. Hiyo haihusiani na udongo wa shamba lolote.

Pima uzito wa udongo mbichi, ukaushe kwenye oveni ya 105°C kwa saa 24, kisha pima tena. Gramu 120 zikibaki 100, unyevu ni 20% ya uzito wa udongo mkavu. Kihisi cha kapasita lakini hufuata ujazo, kwa hiyo zidisha kwa msongamano wa udongo mkavu: ukiwa gramu 1.3 kwa sentimita ya ujazo, unapata 26%. Ukiruka hapo, utalaumu kihisi bure.

Shindilia udongo kwa namna ileile kila mara, maana upenyo mdogo wa hewa ubavuni mwa kibao hushusha usomaji. Chukua viwango vitano vya unyevu au zaidi, kuanzia mkavu hadi uliolowa. Udongo wa mfinyanzi na wa kichanga kila mmoja uwe na mchoro wake wa volti na unyevu. Mbolea ya chumvichumvi nayo huvuruga. Kusoma volti napendelea ADS1115, chipu ya nje inayogeuza volti kuwa namba, kwa sababu kigeuzi cha ndani cha ESP32 hakinyooki, hasa kwenye volti za chini kabisa na za juu kabisa. Usipokuwa nayo, angalau epuka pini za ADC2 (kigeuzi cha pili cha ESP32) Wi-Fi ikiwa imewashwa.

Halafu joto. Weka udongo wenye unyevu kwenye ndoo, kihisi kikiwa ndani, ufunike kabisa. Soma asubuhi, kisha iache juani usome tena mchana. Maji hayajaenda popote, kwa hiyo namba ikihama, kihisi kinapima jua.

Cha yule kijana hakikuhama sana. Alikuwa amebandika thamista (kihisi kidogo cha joto) nyuma ya kibao na kuandika hesabu ya kusahihisha joto, akaifukia ukurasa wa mwisho wa ripoti huku bango lake lote likisifia app. Nikamwambia grafu ya jaribio hilo la asubuhi na mchana aichore kubwa katikati ya bango, mstari wa kabla na wa baada ya kusahihisha, app aiache pembeni.

5. Omba vifaa vitatu
Kimoja kinaweza kubahatika. Vitatu ndani ya ndoo moja vikitofautiana, mwambie arudi kwenye lehemu.

6. Hataza
Aulizie BRELA, ofisi inayosajili hataza Tanzania, au KIPI akiwa Kenya, kabla ya kuonyesha hadharani. Kuonyesha mapema kunaweza kumpotezea sifa ya upya.