Kabla ya Kukokotoa Siku ya Juma

Anayetaka kujua tarehe fulani iliangukia siku gani, bila kufungua kalenda, atagawanya idadi ya siku kwa 7 na kutazama baki; makosa mengi, hata hivyo, hufanyika kabla ya kugawanya.

Kwanza ziwekwe sawa namba za siku. Kiswahili kinaturahisishia: Jumamosi ni 1, Jumapili 2, hadi Jumatano 5. Hapo mpangilio unavunjika, kwa kuwa jina la Alhamisi limetoka kwa Waarabu, ambao huanza kuhesabu Jumapili, hivyo kwao hiyo ndiyo siku ya tano, nasi tukabaki na siku mbili za “tano” zinazofuatana. Katika hesabu, Alhamisi ipewe 6 na Ijumaa 0.

Pili, ichaguliwe tarehe ya kuanzia isiyo na shaka. Mapinduzi ya Zanzibar, 12 Januari 1964, yalitokea Jumapili. Ukitafuta siku ya Muungano, 26 Aprili mwaka uleule, Januari imebakiza siku 19, Februari ina 29, Machi 31, na Aprili unachukua 26. Jumla ni 105, yaani majuma 15 kamili, basi nayo ilikuwa Jumapili. Aliyeipa Februari siku 28 atapata 104, na Muungano utamhamia Jumamosi. Ndiyo maana mwaka mrefu utambuliwe mapema: ni ule unaogawanyika kwa 4, isipokuwa mwaka wa kufunga karne usiogawanyika kwa 400, kama 1900.

Iamuliwe pia iwapo siku ya kuanzia inahesabiwa. Katika mfano wa Muungano haikuhesabiwa, lakini katika arobaini ya marehemu, wanaoifanya siku ya kifo kuwa ya kwanza huongeza 39, si 40. Baki la 39 ni 4. Aliyefariki Jumatatu, yenye namba 3, arobaini yake ni Ijumaa. (Nimeona familia ikigombana kwa siku hiyo moja.)

Tarehe za kabla ya 15 Oktoba 1582 zinafuata kalenda ya zamani, na kanuni hii ya karne haizihusu.

Mwisho, tarehe ikitoka kinywani mwa mzee, aulizwe usiku anaousema ni upi. Kwa hesabu ya wazee siku huanza jua likizama, kwa hiyo “usiku wa Ijumaa” ni ule wa kuamkia Ijumaa, ambao kalenda ya ukutani, kabla ya saa sita usiku, bado inauandika Alhamisi.