Kabla Talanta Haijafunguliwa: Namna ya Kupima Njia za Miguu Kutoka Getini Hadi Steji

Uwanja wa Talanta, ulioanza kujengwa Machi 2024 huko Jamhuri, kando ya Barabara ya Ngong, Nairobi, umepangiwa kuingiza watu 60,000. Hao wote wataingia kidogo kidogo kwa saa kadhaa, lakini kipenga cha mwisho kikilia watatoka kwa mkupuo, na kila mmoja atatoka kwa miguu. Hata aliyekuja na gari atatembea hadi alikoliegesha. Kwa hiyo wakazi wa Jamhuri, Woodley na Kibera, pamoja na mashabiki wanaoisubiri AFCON 2027 (Kombe la Mataifa ya Afrika), wana kazi ya kufanya mapema: kupima njia zenyewe kwa tepu. Kasoro ikionekana wakati mkandarasi bado ana mashine zake karibu, hurekebishwa kwa siku chache. Akishaondoka, hungoja bajeti nyingine.

Kinachohitajika ni kidogo. Watu wanne, tepu ya mita 30 na nyingine ya mita 5, chaki, simu yenye saa ya kuhesabu sekunde, tochi, ubao wa mita 1.2, pima-maji ya fundi, na ramani iliyochapishwa kwenye karatasi kubwa ya A3. Wawili wanashika tepu, mmoja anaandika, wa nne anaangalia magari na hafanyi kazi nyingine yoyote. Usimpunguze huyo wa nne. Anayepima hutazama chini na bodaboda haimngoji.

Kuchagua njia

Anzia kwenye geti la uwanja, ishia pale watu wanapopandia gari hasa. Si palipo na kibao cha steji, bali pale matatu zinaposimama jioni, na hapo huwa panahama. Kwa Talanta kuna angalau mikondo minne: wanaopanda Barabara ya Ngong kuelekea mjini, wanaovuka barabara hiyohiyo kwenda upande wa Dagoretti Corner na Karen, wanaopita ndani ya mtaa wa Jamhuri, na wanaoteremka Kibera. Huu wa mwisho husahaulika kwenye michoro kwa sababu hauna gari, na huenda ukawa mkubwa kuliko wote. Watu wa Kibera watakuja kwa miguu na kurudi kwa miguu, wengine wakiifuata reli kama wanavyoifuata kila asubuhi kwenda kazini. Uchoreni kwa kalamu nyekundu.

Kutafuta koo la njia

Njia ni pana kama sehemu yake nyembamba kuliko zote. Tembeeni taratibu mkitafuta koo hilo: mlingoti wa stima, kisanduku cha nyaya, mtaro uliokosa mfuniko, lango la mtu linalofungukia nje, ukuta uliosogea. Pimeni hapo tu. Upana wa sehemu nyingine hausaidii kitu.

Tuseme njia ina mita 3. Mama anayechoma mahindi ameweka jiko ukingoni, na kutoka jiko hadi ukutani tepu inasoma mita 1.9. Toa sentimita 30 upande wa ukuta, maana hakuna atembeaye akikwaruza bega. Toa nyingine 30 upande wa jiko, kwa kuwa kila mtu hukwepa makaa. Imebaki mita 1.3. Mwongozo wa usalama wa viwanja unaotumika Uingereza huhesabu watu 82 kwa dakika kwa kila mita ya upana kwenye njia tambarare. 82 mara 1.3 ni watu 106 kwa dakika, au kama 3,200 kwa nusu saa.

Sasa geuza hesabu. Ikiwa mashabiki 20,000 wataelekea Barabara ya Ngong na mnataka wawe wamefika ndani ya nusu saa, gawa 20,000 kwa 30, kisha gawa kwa 82. Unapata mita 8.1 za upana ulio wazi kabisa. Hakuna njia ya kando yenye upana huo. Maana yake ni kwamba lazima kuwe na njia mbili au tatu tofauti, au sehemu ya barabara ifungiwe magari baada ya mechi. Hilo ndilo jambo la kudai, na dai lenye tarakimu halipuuzwi kirahisi.

Huyo mama wa mahindi asifukuzwe. Mashabiki wenye njaa ni wateja wake halali, na akifukuzwa leo atarudi kesho mahali pabaya zaidi. Pimeni palipo na upana wa ziada, mita 10 mbele au nyuma, mchore kwa chaki sehemu yake na kuiandika kwenye ripoti.

Daraja na vivuko

Kwenye ngazi za daraja la miguu, hesabu ya mwongozo huo hushuka hadi watu 66 kwa mita kwa dakika. Ngazi ya mita 2 hupitisha watu 132 kwa dakika, sawa na 3,960 kwa nusu saa. Wakitokea wengi zaidi, msongamano hujengeka chini ya ngazi, na walio nyuma wanaendelea kusukuma kwa sababu hawaoni kilicho mbele. Ngazi za kushuka ni hatari kupita za kupanda: mmoja akianguka, uzito wa walio juu unamfuata. Ndivyo walivyokufa watu 66 kwenye ngazi za uwanja wa Ibrox, Glasgow, tarehe 2 Januari 1971.

Kivuko chenye taa pia kina kikomo. Kikiwa na upana wa mita 4 na kijani cha sekunde 30 katika kila dakika mbili, hupitisha watu 164 kwa mzunguko, yaani 4,920 kwa saa nzima. Hesabuni sekunde za kijani nyinyi wenyewe, mara tatu, kwa vile mzunguko wa jioni huweza kutofautiana na wa mchana. Ikionekana kivuko hakitoshi, ombeni trafiki washike magari kwa dakika kadhaa mfululizo. Kubadili kila sekunde 30 humwacha mtu katikati ya barabara.

Kwa ramp, yaani njia ya mteremko isiyo na ngazi, chukua ule ubao wa mita 1.2. Laza ncha moja kwenye mteremko, inua ile ya upande wa chini mpaka pima-maji ionyeshe sawasawa, kisha pima pengo lililo chini ya ncha iliyoinuliwa. Likizidi sentimita 10, mteremko umezidi 1 kwa 12 (kupanda mita 1 kwa kila mita 12) na mwenye kiti cha magurudumu atapata shida kuupanda bila kusukumwa. Angalieni pia ukingo wa zege mwishoni mwa ramp. Mara nyingi ramp hujengwa vizuri kisha inaishia kwenye ukingo wa sentimita 15 ambao haukushushwa.

Nje ya geti

Mwongozo uleule wa Uingereza huweka ukomo wa watu 660 kwa saa kwa kila geti la kuzunguka, lile linalopitisha mtu mmoja mmoja. Watu 60,000 kwa saa moja wanahitaji mageti 91. Tiketi ya simu isiyofunguka, mfuko unaopekuliwa mara mbili, na idadi hiyo inashuka. Kwa hiyo ulizeni mageti ni mangapi kila upande, na foleni itasimama wapi. Foleni ikimwagikia kwenye njia ya wapita njia, wanaoingia wanakutana uso kwa uso na wanaopita, na hapo mikondo yote miwili inakwama.

Geti lililofungwa ni jambo la kuogopwa kuliko yote. Huko Olembe, Yaoundé, tarehe 24 Januari 2022, watu 8 walikufa kwenye lango la kusini ambalo lilikuwa limefungwa wakati umati ukielekezwa hapo. Nairobi nayo ilipoteza watu 7 kwenye msukumano wa uwanja wa Nyayo, siku ya Gor Mahia na AFC Leopards, Oktoba 2010.

Siku ya mechi ya majaribio, chora kwa chaki mraba wa mita 2 kwa 2 kwenye koo la njia na upige picha kutoka juu. Watu 8 ndani yake wanatembea vizuri. Wakifika 16 mwendo unakatika. Wakifika 20 mtu hawezi kuchagua aende wapi. Mjulisheni msimamizi mara moja, asimamishe wanaotoka kule nyuma, si hapo mbele.

Wakati wa kupima

Tembeeni mara tatu: mchana, wakati wa mvua, na usiku. Jua la Nairobi mwezi wa Juni huzama kama saa kumi na mbili na nusu jioni, hivyo mechi ya saa moja usiku huisha gizani. Hesabuni taa zinazowaka, si nguzo zilizopo. Mvua nayo huonyesha mtaro gani unafurika. Watu hawapiti kwenye dimbwi, hushuka barabarani.

Kupeleka matokeo

Tengenezeni jedwali la ukurasa mmoja: mahali, upana halisi, watu kwa dakika, upana unaotakiwa, marekebisho. Kila picha iwe na tepu iliyonyooshwa ndani yake, namba zikisomeka. Nakala moja iende KURA (mamlaka ya barabara za mijini), nyingine kaunti, ya tatu kwa MCA wa wadi, yaani mwakilishi wenu katika bunge la kaunti. Pamoja na jedwali, ombeni kwa maandishi mpango wa kuongoza umati na michoro ya njia za nje, mkitaja Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, inayoipa ofisi ya umma siku 21 kujibu. Andikeni tarehe mliyopeleka na mhakikishe nakala yenu imegongwa muhuri.

Mabati ya uzio wa mkandarasi yakishaondolewa, rudini na tepu. Upana mliopima yakiwa bado yamesimama hautakuwa ule ule.