Ajabu ya Namna Gani? Kuchagua Neno la Kiingereza Unapomweleza Mgeni

Natembeza wageni hapa Mwanza, na vijana wanaoingia kwenye kazi hii hunijia niwasikilize Kiingereza chao. Sarufi wengi wanaimudu. Kinachowaangusha ni "strange", wamelipachika kila mahali: jiwe ni strange, samaki ni strange, ngoma ni strange, hata machweo ya ziwani ni strange. Mgeni anabaki kujiuliza kama kuna hatari.

Tatizo linaanzia kwenye "ajabu" yetu, ambayo ni pana mno. Mna sifa ndani yake, mna mshangao, mna mashaka na mna kicheko. Kiingereza kimeigawa kazi hiyo kwa maneno mengi, na neno utakalochagua linamwambia mgeni wewe mwenyewe unakionaje kile kitu.

Hatua ya 1: Jipime kabla hujasema

Kitu hiki unakisifia? Kiko tofauti tu na vingine? Kinakutia wasiwasi, au kinakuchekesha? Ukishajua jibu, nusu ya kazi imeisha. Usianze kutafuta tafsiri ya "ajabu" peke yake kwenye kamusi, maana itakupa orodha ndefu bila kukuambia lipi ni la wapi.

Hatua ya 2: Unaposifia, weka "strange" kando kabisa

Umesimama na wageni mbele ya Jiwe la Bismarck, lile lililokaa juu ya mawe wenzake majini kama vile limewekwa kwa mkono. Sema: "It is a remarkable rock." Ukitaka kupandisha, sema "extraordinary". Hili liandike kama neno moja. Ukiliachanisha, "extra ordinary" itasomeka kama kitu cha kawaida kupita kiasi, na nimeliona kosa hilo kwenye vipeperushi. "Amazing" si kosa, ila limechoka. Kila mtu analitumia kwa kila kitu.

Hatua ya 3: Kilicho tofauti tu

Hapa ndipo utakaposhinda muda mwingi. Neno salama kuliko yote ni "unusual": halisifii, halitukani. Kumbuka ni "an unusual bird", si "a unusual bird".

"Odd" linafaa pale kitu hakilingani na matarajio. Chukua pimbi wa Kisiwa cha Saanane. Mgeni anamwona kama panya mkubwa aliyekosa mkia, kumbe ndugu zake wa karibu walio hai ni tembo na nguva. Mwambie: "It sounds odd, but this animal is a relative of the elephant." Atacheka, kisha atapiga picha nyingine.

"Peculiar" lina maana mbili, na vijana wengi wanaijua moja. Likisimama peke yake, "a peculiar smell", ni kitu kisichoeleweka vizuri. Likifuatwa na "to", maana yake ni kitu kinachopatikana mahali fulani tu. Yule mjusi wa majabalini, dume mwenye kichwa chekundu na mwili wa buluu, jina lake la kisayansi ni Agama mwanzae, lakini yupo pia Kenya na Rwanda. Kwa hiyo usiseme "peculiar to Mwanza", sema "peculiar to East Africa". Wasukuma wenzangu wafugaji watapenda asili ya neno hili: linatoka kwenye Kilatini, kwenye jina la mali binafsi ya mtu, na jina hilo nalo lilizaliwa na neno la mifugo.

Hatua ya 4: Kinachotia shaka au kusisimua mwili

Sasa ndiyo zamu ya "strange": "I heard a strange noise from the engine." Hapo kweli una wasiwasi. "Weird" ni la mazungumzo ya kawaida, na katika maandishi e hutangulia i. "Bizarre" hutamkwa "bizaa", nalo ni la kitu kilichopita mipaka. Kamongo analistahili: samaki mwenye mapafu, anayepanda juu kuvuta hewa, na ukame ukizidi anaweza kujizika kwenye tope kusubiri mvua.

"Eerie", tamka "iri", ni la utulivu unaotisha. Asubuhi wale wadudu wadogo wanapopanda ziwani kama nguzo za moshi, kimya kabisa, hakuna neno linalolipita. "Uncanny" liwekee mfanano wa kutisha: jabali lenye sura ya mtu lina "an uncanny resemblance to a face".

Hatua ya 5: Watu na mila zao

Hapa kanyaga polepole. Ukiwa Bujora, kwenye Makumbusho ya Wasukuma, na mcheza ngoma kainua chatu, usiseme "weird" wala "bizarre". Unazungumzia wazee wako. "Fascinating" linatosha, au "distinctive". "Exotic" nalikataa kabisa: ni neno la mtu anayetazama kutoka nje, na wewe ni mwenyeji. Jiwe la kisiwa cha Ukara, ambalo wenyeji husema hucheza, liite "mysterious". Humdanganyi mgeni na humdharau mwenyeji.

Na ukiwa ugenini usijitambulishe "I am strange here". Hapo umejiita kituko. Sema "I'm a stranger here", au "I'm new here".

Hatua ya 6: Sikiliza mgeni naye anasemaje

"Funny" halichekeshi kila mara. Mgeni akiwa kwenye soko la samaki la Mwaloni Kirumba akasema "this fish smells funny", usicheke naye: anadhani samaki ameharibika. Akisema "the engine sounds funny", mwite nahodha. Na Mwingereza akionja dagaa, akanyamaza kidogo, kisha akasema "interesting", usimwongezee. Muulize kwa upole kama angependa kuku.