Duka kubwa linapofungwa: namna ya kununua bila kupigwa

Mauzo ya kufunga duka yana kanuni zake, na nyingi hazifanani na za punguzo la kawaida la msimu. Mwongozo huu ni wa mnaoishi Toronto, London, Minneapolis na kwingineko ambako maduka makubwa ya ghorofa yamekuwa yakifunga moja baada ya jingine, pamoja na ndugu wa nyumbani wanaowaagiza vitu. Sehemu ya dalili na vocha inawahusu pia wateja wa supamaketi za Nairobi, Dar na Kampala, maana huko nako yametokea.

Ni tawi au ni kampuni nzima?

Hili lijue kabla ya kuchukua kikapu. Macy's ya Marekani ilitangaza mwaka 2024 kwamba itafunga matawi yapatayo 150, lakini kampuni yenyewe ipo. Tawi likifungwa namna hiyo, kadi za zawadi zinaendelea kutumika kwenye matawi mengine na waranti zina mwenyewe. Kampuni ikifilisika, kama Sears Canada mwaka 2017 au Hudson's Bay mwaka 2025, hesabu ni nyingine kabisa: anayeuza si duka tena. Ni mfilisi, kampuni kama Hilco au Gordon Brothers, ambayo kazi yake ni kugeuza kila kilichomo kuwa fedha ndani ya wiki chache ili wadai walipwe. Mfilisi hana haja ya kukuona ukirudi mwaka ujao. Ukilikumbuka hilo, mengine yote yanaeleweka.

Dalili kabla ya tangazo

Tangazo huwa la mwisho kufika. Kabla yake tazama rafu. Wauzaji wa jumla wakishaacha kuleta mali kwa sababu hawajalipwa, wafanyakazi huitandaza iliyobaki: aina moja ya sabuni inajaza rafu nzima, pakiti zikiwa safu moja tu mbele na nyuma hakuna kitu. Sukuma pakiti moja kwa kidole utaona. Nakumatt, supamaketi ya Kenya, ilionekana hivyo mwaka 2017, huku wenye majengo wakiitoa kwenye baadhi ya matawi kwa kodi isiyolipwa. Januari 2018 mahakama ikaiweka chini ya msimamizi, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ya kuifunga. Supamaketi ya Uchumi, nayo ya Kenya, ilifunga matawi yake ya Uganda na Tanzania Oktoba 2015.

Ukiona rafu za namna hiyo, tumia vocha na pointi zako wiki hiyohiyo. Usiweke akiba ya Krismasi kwenye kadi ya duka. Usilipe amana ya kochi litakaloletwa baada ya wiki nane.

Vocha na kadi za zawadi

Zinakufa mapema kuliko kitu kingine chochote. Hudson's Bay ilianza mauzo ya kufunga Machi 24, 2025 na mwisho wa kupokea kadi za zawadi ukawa Aprili 6, wiki mbili tu, ingawa maduka yaliendelea kuuza hadi Juni 1. BHS ya Uingereza ilipofilisika mwaka 2016, kadi ilikubaliwa kulipia nusu tu ya bei, nusu nyingine utoe mfukoni. Kwa hiyo siku ya kwanza nenda na kadi, hata kama punguzo bado ni dogo. Kitu kilichopunguzwa asilimia 15 ni afadhali kuliko kadi isiyonunua hata kitana.

Tarehe ikikupita, unabaki mdai kama wadai wengine, tena wa nyuma ya foleni. Jaza fomu ya madai kwenye tovuti ya msimamizi wa ufilisi kabla ya siku ya mwisho iliyotajwa, ambatanisha picha ya kadi na risiti, halafu usiweke matumaini makubwa. Kwa Marekani kuna nafuu moja: aliyelipa amana ya bidhaa ya matumizi ya nyumbani ambayo hajakabidhiwa anapewa kipaumbele katika sheria ya ufilisi, hadi dola 3,800 kwa kesi zilizofunguliwa tangu Aprili 2025. Andika wazi kwenye fomu kwamba dai lako ni la amana ya mteja, la sivyo litachanganywa na mengine.

Asilimia si bei

Watu wengi hupigwa hapa. Chukua seti ya sufuria yenye lebo ya dola 120. Duka lilipokuwa hai lilikuwa linaiuza kwa punguzo la asilimia 40 karibu kila mwezi, yaani dola 72. Mfilisi anaingia, anafuta ofa zote na kuponi zote, anarudi kwenye ile 120 ya lebo, kisha anatundika bango jekundu la asilimia 20. Unalipa dola 96 ukiwa na furaha, na umezidishiwa 24.

Angalia pia mambo haya:

- Bango likisema "hadi asilimia 50", huenda hiyo 50 ni ya fremu za picha tu. Soma kibango kidogo cha rafu unayosimama.
- Punguzo juu ya punguzo haliongezwi. Asilimia 30 kisha nyingine 10 ni 37, si 40, maana ile 10 inatolewa kwenye bei iliyokwisha kupungua.
- Stika juu ya stika. Inua kona ya ile ya juu kwa ukucha. Ya chini ikiwa na bei ndogo, ipige picha kabla hujamwita mhudumu. Huenda asikubadilishie, lakini utakuwa umejua ya kuacha.
- Kuna mali ambayo haikuwa ya duka hilo kamwe. Marekani mahakama huruhusu mara nyingi wafilisi kuleta mizigo yao ya nyongeza na kuiuza humohumo. Ukiona zulia au godoro la jina usilowahi kuliona dukani hapo, ujue limekuja na lori la mfilisi, na ile "bei ya zamani" haina historia.

Dawa ni moja: namba ya modeli. Iandike kwenye simu, tafuta bei ya leo katika maduka mawili yaliyo hai, kisha amua. Bila namba ya modeli usilinganishe, kwa sababu mashine mbili zenye jina moja na rangi moja zinaweza kutofautiana injini.

Jambo jingine linalowashangaza watu ni kaunta za manukato, vipodozi na saa. Mara nyingi hizo ni za wapangaji ndani ya duka, si mali ya duka, na hubebwa na wenyewe. Usipange safari kwa ajili ya marashi.

Lini uende

Mauzo ya kampuni nzima huchukua takriban wiki 8 hadi 12. Sears Canada ilianza Oktoba 19, 2017 ikamaliza Januari 14, 2018; Hudson's Bay ilitumia wiki kama kumi. Punguzo huanza dogo, asilimia 10 hadi 30, hupanda kila wiki mbili hivi, na mwisho hugusa 70 au zaidi. Kungoja mwisho si ujanja kwa kila kitu. Viatu vya saizi za kawaida, sufuria nzito na taulo nzuri huisha katika theluthi ya kwanza. Chukua vikifika bei ambayo ungefurahia kuilipa siku yoyote. Mapazia, mapambo ya sikukuu, fremu, na nguo za saizi za pembeni vitakusubiri. Mwenye mguu mdogo sana au mkubwa sana ana bahati katika maduka haya.

Nenda asubuhi ya siku za kazi. Mabango hubadilishwa kabla ya wikendi, kwa hiyo Alhamisi au Ijumaa mapema unapata asilimia mpya kabla umati haujafika.

Mara chache bei hupanda badala ya kushuka. Ndivyo ilivyokuwa kwa mablanketi ya sufu ya Hudson's Bay, yale meupe yenye mistari minne ya kijani, nyekundu, njano na buluu iliyokolea, ambayo kampuni hiyo iliyoanzishwa mwaka 1670 ilijulikana nayo. Watu waliyafagia mapema na kuyauza tena mtandaoni kwa bei ya juu. Ukinunua la mkononi, tazama ukingo: kuna vistari vifupi vilivyofumwa pembeni, na idadi yake huonyesha ukubwa wa blanketi. Muuzaji akikwambia vingi ndiyo sufu bora zaidi, hajui anachouza.

Cha kununua na cha kuacha

Nunua kitu ambacho hakihitaji mtu wa kukujibu baadaye: vyombo, mashuka, mabegi, nguo, visu. Kwa chenye waya, betri au injini, uliza nani anatoa waranti. Ikiwa ni ya kiwanda, sawa, tunza risiti. Ikiwa ni ya duka, haipo. Wateja wa Sears Canada waliokuwa wamelipia waranti ndefu waliambiwa mwisho ni Oktoba 18, 2017, siku moja kabla ya mauzo kuanza.

Kwa kawaida hakuna kurudisha wala kubadilisha. Basi fungua boksi hapohapo. Hesabu vikombe, pitisha kidole kwenye midomo ya glasi, vaa viatu vyote viwili (kiatu cha kushoto cha maonyesho na cha kulia cha boksi huwa hata saizi hazifanani), omba mahali pa kuchomeka kifaa.

Wanaotuma mizigo nyumbani waangalie mambo mawili. La kwanza umeme. Kibandiko cha chini ya kifaa kikiandika 120V 60Hz, hicho ni cha Marekani na Kanada tu. Kichomeke Dar au Mombasa bila transfoma ya kushusha umeme na kitaungua. Hata ukiwa na transfoma, injini za aina nyingi zitazunguka polepole kwa sababu umeme wetu ni 50Hz. Kikiandika 100–240V 50/60Hz, kitafanya kazi, unabadilisha plagi tu. Vya Uingereza vinakuja na volti na plagi ileile yetu.

La pili mashuka. Shuka la lastiki la "queen" la Marekani ni la godoro la inchi 60 kwa 80, yaani futi 5 kwa futi 6 na inchi 8. Kwenye kitanda chetu cha 5 kwa 6 upana utakubali, lakini urefu utazidi na lastiki italegea miguuni, mtu ajifunge nalo usiku kucha. La "king" ni inchi 76 kwa 80, nalo huzidi 6 kwa 6 pande zote. Nunua mashuka yasiyo na lastiki, hayo unakunjia chini ya godoro na yamekwisha.

Lipa kwa njia inayokulinda

Uingereza, bidhaa yenye bei inayozidi pauni 100 na isiyozidi 30,000 ikilipiwa kwa kadi ya mkopo, kampuni ya kadi inawajibika pamoja na muuzaji chini ya kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya mwaka 1974. Inatosha hata kama amana pekee ndiyo ililipwa kwa kadi hiyo. Kwa hiyo fanicha isipofika, unaidai kampuni ya kadi, si duka lililokufa. Kwa kadi ya kawaida ya benki omba benki irudishe muamala, mapema. Ukilipa taslimu huna pa kuegemea.

Mtandaoni kuwa mkali zaidi. Kila duka maarufu likifungwa, matapeli hufungua tovuti zenye nembo yake na bei za kutupa. Wilko ya Uingereza ilipoanguka mwaka 2023 zilijaa. Pita kwenye taarifa ya msimamizi au mfilisi uone kama kuna mauzo ya mtandaoni kabisa. Na jina likirudi baadaye, usidhani duka limefufuka. Boohoo, muuzaji wa mtandaoni, ilinunua jina na tovuti ya Debenhams, duka kubwa la Uingereza, kwa pauni milioni 55 Januari 2021 bila maduka, na ya mwisho yakafungwa Mei 15 mwaka huo. Kadi ya zamani au kiatu chenye kasoro ukiwapelekea wenye jina jipya, hawakujui.

Rafu, midoli na kaunta

Mwenye duka la nguo au vipodozi nyumbani, au anayefikiria kufungua, ajue kwamba kitu cha thamani kuliko vyote mara nyingi hakipo kwenye rafu. Ni rafu zenyewe. Uliza siku ya kwanza ni nani anayeshughulikia samani za duka na ulipie mapema. Utapewa karatasi yenye namba na siku za mwisho za kubeba. Usipobeba kwa wakati, fedha imekwenda na kitu kinabaki.

Kung'oa ni juu yako. Beba spana za milimita na za inchi, bisibisi, nyundo ya mpira, glavu, kamba za plastiki na tepu ya kuandikia. Kabla ya kufungua, piga picha rafu ikiwa imesimama, kisha andika namba kwenye kila nguzo. Vishikizo vinavyoingia kwenye matundu ya nguzo ndivyo vinavyopotea, na matundu ya kiwanda kimoja hayakubali vishikizo vya kingine. Chukua vya ziada kutoka nguzo za jirani zilezile, vifunge kwenye mfuko, mfuko uufunge kwenye nguzo. Midoli ya kuonyeshea nguo iuzwe na mikono yake, na chuma cha mguuni pamoja na sahani ya kusimamia. Ijaribu imesimama kabla ya kulipa.

Rafu za vioo pima kwanza na upeleke vipimo kwa fundi wako. Vioo vya maduka haya kwa kawaida vimeimarishwa kwa moto, na kioo cha namna hiyo hakikatwi wala kutobolewa: fundi akiweka kisu tu, kinamwagika chembechembe. Visafirishe vikiwa vimesimama wima, katikati karatasi ngumu, kamwe visilazwe chini ya mizigo.