Jinsi ya kuisoma picha ya amiri wa majini wa karne ya 17

Usianze na uso. Katika picha hizi za Kibaroki (mtindo wa sanaa wa fahari wa Ulaya ya karne hiyo) uso umepambwa ili uvutie. Habari zenyewe ziko nyuma ya bega.

Hatua ya 1: Pakua picha kubwa. Tovuti ya Rijksmuseum, makumbusho ya Amsterdam, inazitoa bure. Nakala zinazozagaa mitandaoni mara nyingi zimekatwa kingo, na kingoni ndiko ziliko manowari.

Hatua ya 2: Orodhesha vitu. Fimbo ya amri, deraya, mkufu, tufe, mzinga. Deraya hapa ni ishara ya ushujaa wa kale. Abraham van Westervelt alimvika Cornelis Tromp, amiri wa Kiholanzi, mavazi ya Kirumi kabisa!

Hatua ya 3: Bendera. Hapa wengi hukwama. Waingereza wa miaka ya 1660 walikuwa na vikosi vitatu: chekundu, cheupe na cha buluu. Cheo husomwa mlingotini. Bendera ikiwa juu ya mlingoti mkuu, huyo ni admirali wa kikosi. Mlingoti wa mbele, makamu wake. Galme, yaani mlingoti wa nyuma, wa tatu wao.

Tahadhari sasa. Nyeupe tupu haimaanishi kusalimu amri, na Wafaransa nao waliitumia. Shuka uitazame bendera ya tezi, yaani ya nyuma ya meli: ya Kiingereza ina msalaba mwekundu kwenye pembe ya juu. Vanishi iliyozeeka hugeuza nyeupe kuwa manjano na buluu kuwa kijani, basi usiamue kwa rangi pekee. Cheo nacho huenda ni cha siku ya kuchorwa, si cha siku ya vita. Tena, meli zaweza kuwa za mkono mwingine: Bartholomeus van der Helst alimchora amiri Mholanzi Aert van Nes mwaka 1668, lakini bahari iliyo nyuma yake ni ya Ludolf Bakhuizen, bingwa wa meli. Mchoraji wa sura akijichorea meli mwenyewe, usijisumbue kuhesabu mizinga.

Hatua ya 4: Tarehe. Vita vya Lowestoft, vya majini kati ya Waingereza na Waholanzi, ni 3 Juni 1665 kwa Waingereza, 13 Juni kwa Waholanzi. Ni vita vilevile, kalenda mbili.

Hatua ya 5: Tafuta kisichochorwa. Baada ya Lowestoft, James, Duke wa York, aliyewaongoza Waingereza, alimwagiza Peter Lely awachore makamanda wake. Picha zao nyingi ziko kwenye makumbusho ya Greenwich, London. Wamesimama nadhifu, hakuna tone la damu. Katika vita hivyo risasi ya mnyororo (vipande viwili vya chuma vilivyounganishwa kwa mnyororo) iliua watu watatu ubavuni mwa James, na meli Eendracht ya Waholanzi ikalipuka pamoja na amiri wake Obdam na karibu mabaharia wake wote. Chora safu mbili daftarini, kilichochorwa na kilichotokea, uzijaze kabla ya kusoma maelezo ya makumbusho.